Hotuba Yangu na Ngoma za Rehema

Jamani, leo nimelimishwa na msichana wa Mabatini.

Mnakijua kile kipande cha barabara huku Magu. Mvua ikianza kabla hakijamaliza kulimwa, wagonjwa watabebwa tena kwa machela.

Juzi mimi, Bwana Maendeleo mzima, mtu wa serikali, niliwahutubia wanakijiji saa nzima. Niliwaambia uhuru tumeupata, sasa tujitolee kuilima barabara, tujenge taifa. Makofi yalikuwa mengi.

Leo asubuhi nimefika barabarani nimefunga tai. Walionipokea ni mbuzi wawili.

Mwenzangu wa ofisini, Rehema, ndiye huyo wa Mabatini niliyefuatana naye, hakunicheka. (Alijikaza, nilimwona.) Na wiki nzima nimemtania kwamba mtoto wa mjini ataogopa jembe.

Aliwaendea kina mama waliokuwa wakichambua pamba, akawaamkia, akauliza jambo ambalo mimi sikuwahi kuuliza.

"Shamba kubwa hapa mnalilima vipi?"

"Kwa ngoma. Makundi mawili yanashindana."

"Na barabara je?"

"Sisi tuliambiwa tujitolee tu. Hatukuambiwa kuna mashindano."

Saa nne ngoma zilikuwa zinalia kwenye ncha zote mbili za kile kipande. Nikakabidhiwa jembe. Tai nikaifunga kichwani kuzuia jasho. Kundi langu limeshindwa, na nimeelezwa waziwazi ni kwa sababu ya nani.

Alasiri makundi yamekutana katikati. Gari la wagonjwa litapita.

"Umenishinda," nikamwambia Rehema.

"Hapana, kaka. Hotuba yako ilikuwa nzuri. Ilikosa ngoma tu."

Sasa nyie mliowahi kunisikia nikihutubia, semeni kweli: yale makofi yenu yalikuwa ya kunifanya nimalize?