Bibi Harusi Aliyeuliza Ngapi

Niacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana yule bibi harusi aliyeingia kanisani na kiatu kimoja, nusu ya mtaa wa Hai Malakal, hapa Juba, ikimfuata kwa kelele, ni mimi, na kilichonifikisha hapo ni mdomo wangu.

Ilikuwa miaka ya vita, giza likianza tu kila mtu ndani, na ng'ombe wa wakwe walikuwa wameporwa karibu wote, wakatoa waliobaki kuwa mahari, baba akakubali kwa shingo upande (na wakwe hawakuisahau ile shingo). Gari la maana halikupatikana, nikapakiwa kwenye lori bovu la mjomba, limefungwa maua ya plastiki utadhani linaenda kuzikwa lenyewe. Likafika kwenye mteremko, likagoma. Dereva wetu Opio, Mganda, akachungulia chini.

"Madam, kem ya brek iko imevunjika. Mtu atafute kem, na alete weji."

Kem sikuijua (baadaye ndiyo nikaambiwa ni chuma kinachosukuma breki zibane). Weji nilizijua, ndizo nilizovaa, viatu vya soli nene kutoka Arua, nikamnyooshea mguu, "Weji si hizi?" Akanitazama kama mgonjwa. Dada yangu akataka kwenda dukani, nikamzuia, eti Kiarabu chake ni cha kitoto (na changu, mimi niliyekulia Uganda, kilikuwa cha nini?). Nikaenda mwenyewe, na shela kichwani.

"Ita der shunu?" mwenye duka la spea akauliza nataka nini.

"Kem!"

"Kam?"

"Ndiyo, kem!"

Sasa kwa Kiarabu cha Juba, kam ni ngapi. Yeye ananiuliza nataka ngapi, mimi namjibu ngapi, anauliza tena, napandisha sauti, mpumbavu mimi, mpaka watu wasio na kazi, ambao Juba haijawahi kuwakosa, wakajaa mlangoni kumwona bibi harusi anayepayuka ngapi, ngapi! "Bagara kam?" mmoja akauliza, yaani ng'ombe wangapi, wakaangua kicheko, na upuuzi huo ukapanda boda ukanitangulia kanisani.

Nikarudi mikono mitupu, nikakuta lori linaanza kuteremka.

"Weji! Weji!" Opio anapiga yowe.

"Si nimevaa!"

Akanivua kiatu cha kulia, akakisokomeza chini ya tairi, lori likasimama. Kumbe weji yake ni kabari, kipande tu cha mti, na angesema kabari ulimi wake ungekatika?

Nikaenda kwa miguu, umati nyuma. Kanisani nikamkuta mjomba wa bwana harusi amesimama, kofia mkononi, anataka kuondoka na ukoo wake wote.

"Tumetoa wote tuliokuwa nao, bado anauliza ngapi njiani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaeleza kem, brek, duka, huku nalia, mguu mmoja juu mmoja chini. Akautazama ule mguu mtupu, akaguna, akakaa.

Bwana harusi akaniinamia. "Kem ulipata?"

"Sikupata."

"Basi hatuna brek. Twende."

Nikaenda, nachechemea. Tangu hapo spea natuma mtu, tena na kile kilichovunjika akishike mkononi, na yeyote akiniuliza kam, namwonyesha vidole.