Kiganja Kwenye Boneti

Muuzaji wa yadi pale Lizaboni alipofungua mlango wa gari nililokuja kununua, harufu ya tumbaku ikanipokea. Wamenyunyiza marashi, wapi!

Nilipokuwa mdogo, Baba alipokwenda nami kuchukua pikapu yake ya mtumba, ya kubebea tumbaku yetu kutoka Namtumbo, alinyanyua kiganja changu akakibandika kwenye boneti.

“Ikiwa ya moto, mwanangu, wameliwasha kabla hatujafika. Gari gumu kuwaka hufichwa hivyo.”

Mkono wake ulifunika wangu wote, mkavu, unanuka shamba.

“Dada, ingia basi tuwashe,” muuzaji aliniita.

“Subiri kidogo, kaka.”

Nilibandika kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya baridi, kama inavyotakiwa. Sikukiondoa. Baridi kubwa zaidi niliisikia juu yake, mgongoni mwa mkono, pale ulipokuwa mkono wa Baba.