Koo la Mama Mkwe

Egbert ni tabibu wa kituo cha afya huko Isingiro, na kwa kawaida hamwandikii mtu dawa kabla ya kumpima. Kwa mama mkwe wake, Ma Kokushubira, alishindwa. Kwao mwanamume hamsogelei mama wa mkewe, sembuse kumshika shingo.

Daktari bingwa wa Bukoba ndiye aliyemwanzishia mama huyo dawa ya tezi ya shingo, akamtaka arudi kupimwa damu. Hakurudi, safari ni ndefu. Dawa ikiisha, Benadeta, mke wa Egbert, husema mama anaendelea vizuri, na Egbert huandika nyingine.

Juzi mfamasia wa wilaya, Nadhira, alikuja kukagua dawa za mabingwa zinazoendelezwa vituoni. Akauliza Ma Kokushubira alionwa lini. Egbert akajibu kwamba huyo ni mama mkwe wake. Nesi Felicitas akacheka, akasema basi daktari anunuliwe darubini. Nadhira hakucheka.

“Sikuuliza ni nani wako,” alisema. “Ana homa? Koo linauma? Dawa hii inaweza kumaliza kinga mwilini.”

Egbert alilijua hilo tangu chuoni. Tena Jumapili Benadeta alikuwa amemwambia kwamba mama hamezi hata ndizi, naye akashauri asukutue kwa maji ya chumvi. Masikio yakamwaka moto. Alieleza yote mbele ya nesi, kisha wakaondoka na gari la Nadhira kwenda kwa mama mkwe.

Nadhira aliingia peke yake kumpima. Alipotoka alisema homa ni kali, koo lina vidonda, dawa isimame na mgonjwa aende Bukoba sasa hivi. Mama hakuweza kutembea, na gari lilikuwa barabarani. Egbert akambeba kupitia kibanjani, katikati ya migomba ya nyumbani, majirani wakiacha kupalilia ili watazame. Mama alijifunika uso kwa kitenge.

“Dawa ile ulikuwa unaniandikia wewe?” aliuliza, sauti imekauka.

“Ni mimi, mama.”

Wakapita migomba kadhaa.

“Ungeniuliza hata kutokea dirishani. Kuongea nani alikukataza?”

Alikaa kiti cha mbele mpaka Bukoba bila kugeuka, na mara hii haikuwa kwa sababu ya mila.

Mama alilazwa, Benadeta akabaki kumuuguza. Alipoanza kumeza uji, Benadeta alitoka kumpa mumewe habari kwenye korido. Egbert alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda mlangoni mwa wodi, akageuza uso ukutani.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Koo linaendeleaje?”