Maombi Mawili, Chumba Kimoja

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Nikifurahi nako ni hivyo hivyo. Napanda ngazi mbili mbili, naongea na funguo, nawasalimia watu ambao nimeshawasalimia asubuhi. Mwaka ule nilikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, na vyote viwili vililetwa na ufadhili wa utafiti.

Nafundisha kilimo katika chuo kimoja hapa Dodoma. Utafiti wangu ni mbegu za zamani za mtama na uwele, zile ambazo kina mama wa Mlali bado wanazining'iniza jikoni juu ya moshi ili wadudu wasiziguse. Kwetu ni huko huko Mlali, kwa hiyo nilipoanza kukusanya sikuhitaji mwenyeji. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaamkia, nikala nilichopewa, nikarudi mjini na makopo. Friji ya maabara ilikuwa imeharibika siku nyingi, basi makopo yakahamia nyumbani kwangu Nzuguni, yakajaa kwenye friji yetu mpaka mume wangu akauliza kama nyama aanze kuiweka kwenye kabati la nguo.

Mbegu ina uhai. Ukiikalisha tu, tena kwenye friji ambayo umeme ukikatika inageuka sanduku, inakufa taratibu bila kukuaga. Inatakiwa ipandwe, ivunwe, ipandwe tena, na kazi hiyo inataka shamba, vibarua na gari. Mshahara wangu haukufua dafu. Kulikuwa na mfuko mmoja wa nje ambao ungeweza, lakini ulikuwa wa watafiti ambao hawajakaa muda mrefu tangu wapate udaktari, na kwangu mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Nikiukosa, mwakani ningekuwa nimeshapitwa, na mbegu za Mlali ndiyo basi tena.

Niseme ukweli, kule kutafuta kwenyewe nilikupenda. Watu wanalalamika kwamba maandiko ya kuomba ruzuku yanachosha, mimi yalikuwa yananinyima usingizi kwa raha. Unafungua ukurasa mmoja, unakupeleka kwenye mwingine, unakuta kuna tuzo ya watu wa udongo, tuzo ya watu wa nyuki, ufadhili wa kwenda kukaa maabara ya wenzako miezi kadhaa. Nusu yake haikuhusu. Halafu unakutana na mmoja ambao kila sentensi inakutazama usoni. Ule mfuko nilipousoma mara ya kwanza nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa, nikausoma tena. Moyo ulikuwa unadunda kama nimeitwa na mkwe.

Na sikumwambia mtu.

Kwetu jambo halisemwi kabla halijatimia. Mimba changa haitangazwi. Mtu anajenga nyumba, ndugu zake wanakuja kujua bati limeshapanda. Ukisema mapema, kuna jicho, kuna midomo, na hata kama huamini hayo, kuna aibu ya kuulizwa miezi sita baadaye, "Vipi, lile jambo lako liliishia wapi?" Mimi ni mtu wa sayansi, nina udaktari wangu, na bado nilifunika skrini kwa rundo la mitihani kila mlango ulipogongwa.

Ambaye nilimficha zaidi ni yule niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja cha ofisi. Kaka mmoja wa Kondoa, mtu wa milimani, mpole, Mwislamu wa swala tano, mtaalamu wa udongo unaoliwa na mvua. Chini ya meza yake kulikuwa na mifuko ya udongo wa Chemba, na vumbi lake jekundu lilikuwa limepaka kila kitu mle ndani, pamoja na birika letu la chai. Tulikuwa tunataniana kutwa nzima. Mimi nilimwambia anafuga mchanga, yeye akaniambia friji yangu ni ghala la taifa.

Miezi ile alianza kubadilika. Simu ikiita anatoka nje. Kompyuta yake ameigeuza ukutani. Nikimuuliza anafanya nini, ananiambia anapanga ratiba. Nikaanza kujiambia huyu bwana anaoa mke wa pili, au anahamia chuo kingine. Nilimchunguza kweli, na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia nasahihisha mitihani ambayo nilishaimaliza.

Jumatatu moja tukaitwa wote wawili kwenye ofisi ya utafiti ya chuo. Mama anayeiendesha ni mtu mzima, mkali wa kazi na mwepesi wa kucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni." Akatutazama kwa zamu. "Huu mfuko mlioomba unapokea andiko moja tu kutoka kila chuo. Mimi nimeletewa mawili. Na wote mmeandika namba ile ile ya chumba."

Nilimgeukia mwenzangu. Naye alikuwa ameshanigeukia. Yule mama alianza kucheka pole pole, akavua miwani, akafuta macho, akacheka tena. Kumbe hata mkuu wetu wa idara alituandikia barua za kututambulisha, yangu na yake, wiki moja, akanyamaza kote kote kwa sababu kila mmoja wetu alimwomba asimwambie mtu.

"Zungumzeni wenyewe," akasema yule mama. "Kesho saa sita mchana mniambie nani anakwenda. Mkishindwa nayapeleka kwenye kamati, na kamati mnaijua."

Korido nzima nilikuwa nawaka. Sikungoja hata tufike.

"Kumbe hiyo ndiyo ratiba uliyokuwa unapanga?"

"Na wewe mitihani yako imekwisha?"

Nikataka kumjibu vibaya, kicheko kikanitoka. Lakini mlango ulipofungwa nilikaa kwenye kiti changu nikaona giza. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho, na aliyesimama mbele ya mlango si mzungu nisiyemjua wala kamati, ni mtu ninayekunywa naye chai. Nikamwambia hivyo hivyo bila kupamba. Nikamwambia na habari ya mbegu, kwamba nyingine zimeshaanza kukataa kuota. Hakuwa anajua. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka yote ile na hakuwa anajua.

Akasogeza kiti, akageuza kompyuta yake kwangu.

"Dada, soma hii."

Ulikuwa ufadhili mwingine, sikuwahi kuuona. Wa wanawake watafiti, kwa mazao ya nchi kavu, wenye kazi inayoanzia kwa wakulima wenyewe. Ulilipia misimu mitatu ya kupanda, wakati ule tuliokuwa tunaugombania ulilipia mmoja. Haukujali umepata lini udaktari. Nilisoma nikasikia joto linapanda shingoni. Halafu nikafika mwisho wa ukurasa. Ulikuwa unafungwa Jumatano saa kumi jioni, na ilikuwa Jumatatu mchana.

"Umeupata lini huu?"

"Muda kidogo. Nilikuwa natafuta ya kwangu, nikaukuta. Kila nikiuona nakufikiria wewe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza natafuta nini huko."

Na ningemuuliza kweli, tena mara mbili.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Andiko lililokwisha, zuri, nililolihangaikia miezi, ambalo pengine kamati ingelichagua. Au mfuko mkubwa zaidi ambao sikuwa nimeuandikia hata neno, na siku mbili za kuuandika. Nikiacha la kwanza na la pili likakataliwa, sina kitu, na mwakani sina pa kurudi. Mwenzangu hakunisukuma. Alisema tu kwamba hata nikiamua kwenda kwenye kamati, yeye hatakasirika, na nilijua hasemi kwa adabu tu.

Nikachukua siku mbili.

Kesho yake, kabla hata ya saa sita, tulimwambia yule mama andiko la udongo ndilo liende. Halafu tukaandika. Ninasema tukaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi niliandika ukurasa, yeye akausoma kama adui yangu, akaurudisha una michubuko. Sehemu moja nilikuwa nimeeleza kwa unyenyekevu kwamba mbegu zilipatikana kwa msaada wa jamii na wadau mbalimbali.

"Wadau gani?" akauliza. "Nani alipita nyumba kwa nyumba?"

"Mimi."

"Basi andika. Hawa watu hawana shangazi Mlali wa kuwasimulia."

Nikaandika, huku najisikia kama nimepanda juu ya meza harusini kujisifu. Nilimpigia simu mama yangu kumuuliza jina la mtama mmoja mwekundu, akanipa jina na habari zake zote, wa nani, uliletwa na bibi yupi, unavumilia jua la namna gani, nikaziandika vile vile. Mwenzangu alitoka kuswali, akarudi, akakaa. Mke wake alituletea makande kwenye hotipoti. Tulikula bila kunawa vizuri, vumbi la Chemba likaingia kwenye makande, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini. Sentensi zilikuwa zinakuja zenyewe. Jambo nililokuwa nalijua moyoni miaka yote lilikuwa linakaa kwenye karatasi na mtu alikuwa ananiambia ndiyo, hapo hapo, endelea.

Jumatano mchana umeme ukakatika. Mtandao wa chuo ukaenda nao. Kompyuta yangu betri ilikuwa inakaribia kukata roho. Tulikimbilia nje kwenye ngazi za jengo, upepo wa Agosti unatupiga vumbi la macho, yeye ameshika simu yake juu ili bando lake linifikie, mimi nimeiinamia skrini nikiizibia jua kwa khanga nipate kuona. Wanafunzi walipita wakatuamkia, wakaenda zao wakigeuka geuka. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka. Halafu ukaandika kwamba maombi yamepokelewa, na saa kumi ilikuwa bado.

Niliruka. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, niliruka pale kwenye ngazi na khanga mkononi.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja hakuna hadithi. Mvua zilikuja, watu wa Mlali walipanda, mimi nilifungua friji nikafunga. Kila siku tulikuwa tunaulizana asubuhi, "Kuna kitu?" na kujibiwa, "Bado." Kuuliza kwenyewe kulinifurahisha, maana kabla ya hapo kila mmoja angeulizia moyoni.

Siku yenyewe nilikuwa na kipindi asubuhi yote. Nilitoka darasani mikono imejaa chaki, na nilipoingia korido nikasikia kigelegele. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa anakipiga. Mwalimu wa chumba cha jirani akaja kunishika mkono. Mkuu wa idara, yule msiri, akatoka mlangoni akasema hongera kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Nikauliza kuna nini, wakanicheka. Yule mama wa ofisi ya utafiti alikuwa amepata nakala ya barua pepe, akapiga simu chumbani kwetu nikiwa darasani, na aliyepokea hakuweza kungoja. Alikuwa amepita mlango kwa mlango, jengo zima, huyu mtu mpole asiyepaza sauti, anawaambia watu kwamba dada yake amepata, misimu mitatu, mbegu zinakwenda shambani.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilicheka na machozi yakanitoka, na nilimpigia mama yangu akapiga kigelegele kwenye simu mpaka sikio likauma. Nilipoingia chumbani mwenzangu alikuwa peke yake, anamimina soda kwenye vikombe vya chai kwa ajili ya wageni watakaokuja. Nikamshukuru vibaya vibaya, maneno hayapangiki. Halafu nikakumbuka kumuuliza.

"Na wewe, kuna kitu?"

Aliweka chupa chini, akafuta meza kwa kiganja.

"Ilikuja asubuhi, kabla ya yako. Wamekataa."

Alikuwa ameisoma barua ile, akapokea simu, akatoka kwenda kunipigia mbiu kwenye milango yote ile.

"Na kote ulikopita hukumwambia mtu?"

"Ile yako ni ya kuwaambia watu," akasema. "Hii yangu nimekuambia wewe."