Baada ya Tano

Katika jim ya Wabwile, pale Kitale kwenye njia ya kwenda Saboti, hakuna sita. Ukilala kwenye benchi ukaanza kuinua chuma, kocha mwenyewe husimama kichwani pako akakuhesabia: moja, mbili, tatu, nne, tano, saba. Wageni hudhani wamesikia vibaya. Wenyeji wamezoea, na Kipkemboi, bawabu mwenye mikono minene kama mapaja ya watu wengine, humtania kila asubuhi.

"Kocha, si unatupunja bana! Ati kumi yako ni tisa?"

"Ukiona ni kidogo, ongeza seti," Wabwile hujibu. Watu hucheka, naye hucheka nao, kisha hugeuka kupanga vyuma ambavyo tayari vimepangwa.

Si jim ya matajiri. Ni banda la mabati nyuma ya duka la mbolea, na uzito wote uliomo Wabwile ameutengeneza kwa mikono yake: mikebe ya mafuta ya kupikia na ndoo za rangi zilizojazwa simiti, zikapachikwa kwenye vipande vya bomba. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu HAPA HAKUNA SIWEZI. Kando ya maandishi hayo kipo kioo kirefu kilichonunuliwa saluni ilipofungwa, ila kimegeuzwa uso ukutani, na sasa mtu anayetaka kutazama kifua chake kilivyofura inambidi akaangalie kwenye dirisha la duka la mbolea. Wengine husema kocha ni mchoyo hata wa kioo.

Wangejua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Wabwile ameficha yake miaka miwili na kifo hakijafika kumuumbua. Humzungukazunguka tu, kikisubiri tano iishe.

Alizaliwa Bokoli, upande wa Webuye, nyumba ya tatu kutoka kwa akina Hesbon. Yeye na Hesbon walitahiriwa Agosti moja, asubuhi moja, na hakuna aliyepepesa jicho. Kwa Wabukusu, waliopitia kisu mwaka mmoja huitwa bakoki, mmoja wao omukoki, na bakoki hutaniana kwa matusi ambayo ndugu wa tumbo moja hawawezi kuyavumilia. Waliondoka pamoja kwenda Kitale kupakia mahindi kwenye maghala, gunia la kilo tisini begani, na ni pamoja walipochoka kupakia wakaanzisha jim. Hesbon ndiye aliyeleta habari ya kumi kwa kumi. Aliiona kwenye simu, akaja mbio.

"Sikia, omukoki. Hakuna haja ya chuma kizito sana. Unachukua cha wastani, unapiga seti kumi, kila seti mara kumi, unapumzika dakika moja tu. Mwili unashangaa! Unasema, huyu mtu ataniua, wacha niongeze nyama."

Ikawa ndiyo dini yao. Seti tatu za kwanza ni mchezo. Ya tano, mikono huanza kuwaka. Kuanzia ya saba, chuma kilekile ulichokidharau asubuhi kinakuwa kama mtu mzima amekukalia kifuani, na hapo ndipo nyama hujengwa, katika yale marudio ambayo mwili umeshayakataa. Baada ya miezi sita mashati yao yalikuwa yakipasuka mgongoni. Wabwile alilipenda jambo hilo. Tusimpake mafuta: alilipenda mno, na kioo cha saluni alikinunua yeye.

Yaliyompata Hesbon kila mtu anayajua. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, saa mbili asubuhi, jua limeingia bandani, nao wako wawili tu. Hesbon amelala kwenye benchi, seti ya nane ya kifua, Wabwile amesimama kichwani pake ili akidake chuma kikimshinda. Chuma kilimshukia shingoni. Jirani alitoa gari, na Hesbon akakata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Wabwile.

Wasilolijua ni neno la mwisho. Sheria ya jim siku zile ilikuwa kwamba anayelala ndiye anayehesabu, tena kwa sauti, ili asidanganye. Hesbon alihesabu vizuri mpaka tano. Halafu akasema, "Sita..."

"Saba!" Wabwile akajibu, kama alivyozoea kujibu. "Haya, piga saba!"

Ni ndani ya gari, huku akimshika kichwa mwenzake, ndipo sauti ile ilipomrudia na akaisikia sawasawa. Chuma hakikuwa kimepanda mara ya sita. Hesbon hakuwa akihesabu. Alikuwa akisema "sitaweza", na pumzi ikakatika katikati ya neno. Angesema "siwezi" angeeleweka, ila siwezi lilikuwa limepigwa marufuku ukutani kwa rangi nyekundu, na hata lisingeandikwa, mwanamume wa Kibukusu halisemi mbele ya omukoki wake. Ulimi ulitafuta neno lenye aibu ndogo kidogo, na neno lenyewe lilianza kama nambari.

Matangani Wabwile alisema chuma kiliteleza. Mama yake Hesbon, Nasimiyu, alimshika mikono yote miwili mbele ya watu akamwambia, "Asante, baba. Angalau mtoto wangu hakufa peke yake." Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Tangu siku hiyo hakukanyaga Bokoli.

Alibadilisha sheria, akawa anahesabu yeye. Haikusaidia. Kila akifika tano, kabla ya saba, panabaki upenyo mdogo, na katika upenyo ule husikia pumzi ya mtu aliyelala chini yake, hata kama benchi ni tupu. Dukani huagiza mayai matano, halafu moja. Mkewe Edinah akimwuliza saa, na ni saa sita, humjibu kuwa ni adhuhuri.

"Siku hizi umekuwa shehe?" Edinah humwuliza, akicheka, lakini macho yake hayacheki.

Na bado, kila alfajiri, Wabwile hupiga kumi kwa kumi peke yake. Mwili unanenepa, mwenyewe anakonda. Watu wa sokoni humsifia mabega, naye huona kana kwamba analisha mwili wa mtu mwingine.

Kisha siku moja simu ililia. Alikuwa Mama Nasimiyu.

"Wabwile, baba, mvua inakula kaburi ya mwenzako. Nataka tuiweke simiti. Fundi wako wengi, lakini mimi nataka mkono yako. Si wewe ndio unajua simiti?"

Angekataa vipi? Alienda Jumanne, na njiani aliapa kwamba leo atamwambia. Alipopita Kamukuywa, sokoni ambako Mama Nasimiyu amepima mahindi kwa mkebe wa gorogoro miaka thelathini, aliapa tena. Alipofika Bokoli na kukuta amechinjiwa kuku, kiapo kikalowa kama karatasi.

Kazi ilianza saa nne. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, udongo wake umebonyea katikati. Wabwile alikwishapigilia mbao kuzunguka, na sasa alikuwa akichanganya: simiti karai mbili, mchanga karai nne, kokoto karai nane. Mama Nasimiyu alikataa katakata kukaa kivulini. Aliinama kwenye rundo, akijaza kokoto kwa sepetu na kumpa karai, naye Wabwile akizimwaga pembeni, kabla ya kuzichanganya, huku akihesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Saba. Nane. Imetosha, Mama."

"Bado." Mama hakuinua hata kichwa. "Umeruka moja."

"Ni nane, Mama."

"Wabwile. Mimi nimepima mahindi kabla wewe uzaliwe. Nimekupatia karai saba. Umesema tano, ukasema saba. Sita iko wapi?"

Wabwile aligeuza macho kando. Nzi walikuwa wakitua kwenye maji ya ndoo.

"Simiti ikikosa kokoto itapasuka," mama aliendelea, akijaza karai. "Hii ni nyumba ya mtoto wangu. Sitaki ipasuke. Chukua, useme sita."

Wabwile alilipokea karai. Alitaka kusema, sitaweza, Mama, nisamehe. Alifungua kinywa.

"Sita..." akasema, na neno likakatikia hapo.

"Saba," akajibu mama, akiwa bado ameinama, na sepetu lake likazama tena kwenye kokoto.

Karai lilimtoka Wabwile mikononi. Kokoto zikamwagika juu ya miguu yake, naye akapiga magoti papo hapo kwenye mchanga, jitu zima lenye mabega kama mlango, akalia kwa sauti ambayo hakulia siku ya mazishi. Mama Nasimiyu alisimama wima, mkono kiunoni, akamngoja. Hakumbembeleza. Alipoweza kusema, Wabwile alisema yote: benchi, seti ya nane, tano, lile neno, na jinsi yeye alivyojibu saba.

"Hivyo hivyo, Mama. Kama wewe ulivyonijibu sasa hivi. Hakusema sita. Alikuwa anasema hataweza, na mimi nikamhesabia."

Mama alikaa chini kwenye mfuko mtupu wa simiti. Akawa akivua na kuvaa kandambili moja. Wabwile alihisi kitu kikimlegea kifuani, kitu kilichokuwa kimekazwa miaka miwili. Amesema, na mbingu haijaanguka. Tena mama mwenyewe amekosea vilevile. Ni nani basi wa kumlaumu?

"Ni kweli," mama alisema hatimaye. "Hata mimi nimesikia sita."

"Ndio, Mama."

"Lakini mimi nilikuwa nimeinama kwa kokoto, nimekupatia mgongo." Akamtazama. "Wewe ulikuwa umesimama kichwani yake. Mtu akishindwa, uso inasema kabla ya mdomo. Ulikuwa unaangalia wapi?"

Hili hakumwambia mtu. Hakumwambia Edinah, wala hakulisema katika sala, wala katika zile alfajiri za kumi kwa kumi alipokuwa akijitesa kwa sababu ya neno, neno, neno, kana kwamba neno ndilo lililoua. Angeweza kusema alikuwa anamwangalia. Nani angebisha? Aliyekuwapo yu chini ya udongo, hatua mbili tu kutoka pale.

"Kwa kioo," Wabwile akasema. "Nilikuwa naangalia mikono yangu."

Mama Nasimiyu hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa mzigo, akaukuta uzito wake ni ule aliokuwa akiukisia. Wabwile alingoja afukuzwe. Alikuwa tayari kufukuzwa, angeshukuru.

"Simiti inakauka," mama akasema. "Simama. Rudisha hizo kokoto zote kwa rundo, tuhesabu tena. Kutoka moja."

Akasimama. Safari hii mama hakuinama. Alijaza kila karai huku macho yake yako juu yake, na Wabwile akamwaga, akasema moja, mbili, tatu, nne. Akafika tano. Akapokea karai lililofuata, akamtazama mama usoni, akasema, "Sita." Kisha wote wawili wakanyamaza, wakangoja kando ya kaburi, wahakikishe kwamba neno limeishia hapo.