Panya wa Mama Léocadie

Mama Léocadie Katungu wa mtaa wa Mabanga, mjini Goma, alikuwa na moyo mwema na kichwa kigumu, na vyote viwili alivitoa kwa Mtakatifu Martin de Porres. Alimpenda tangu siku padri alipoeleza habari zake: mtoto wa mama mweusi aliyetoka utumwani, huko Peru, aliyeingia nyumba ya watawa akafagia na kuuguza wagonjwa. Panya walipotafuna vitambaa vya kanisa, Martin hakukubali watiliwe sumu. Aliwabembeleza wahamie bustanini, akawa anawapelekea chakula huko.

"Mutakatifu wa namna hii," Léocadie alimwambia mume wake, Viateur, "anaelewa maisha ya Goma."

Basi panya walipoivamia stoo yake ya maharagi, Viateur akaleta dawa ya panya. Léocadie akaitupa chooni. Akasimama mlangoni mwa stoo, ufagio mkononi kama mtakatifu wake pichani, akawaeleza panya kwa upole kwamba humo hamna nafasi, lakini nje, kwenye ukuta wa mawe ya volkano, watakuta bukari, ugali uliobaki mezani.

"Juu ya nini unasema nayo Kiswahili?" Viateur akauliza. "Hii panya ilitoka Butembo mu magunia yako. Sema nayo Kinande."

Léocadie akarudia yote kwa Kinande, wasije wakapata kisingizio.

Na kweli panya wakatoka. Léocadie akawa anatembea mtaani kama aliyepewa upadri. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa ukuta ule aliishi Mama Béata, muuza unga na kiongozi wa kwaya. Panya walikula bukari, wakaipenda, wakaenda kutafuta unga wake ulikotoka.

Béata akaja na gunia lililotobolewa.

"Mama Exaucée," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "mutakatifu wako amenitumia wageni."

"Hakuwatuma kwako. Aliwatuma ku ukuta."

"Ukuta ni wangu."

Léocadie alitamani sana kubisha. Lakini Martin, alipotukanwa, alikuwa akiinama na kuendelea kufagia, na hapo hapakuwa na njia ya kukwepa. Akachukua ufagio, akamfuata Béata hadi kwake.

Walihamisha magunia yote. Waliziba matundu kwa vipande vya bati na simenti, Viateur akiichanganya huku akiimba litania ya panya aliyoitunga mwenyewe. Wanawake hao, ambao kanisani walikuwa wakipeana amani kwa ncha za vidole, walicheka hadi wakakaa chini juu ya unga.

Panya wakahama. Viateur anasema wamerudi Butembo. Béata, asiyetegemea miujiza peke yake, akatafuta paka, akamwita Martin. Léocadie alinuna, kisha akaenda kumwona paka huyo. Akamkuta amelala kwenye unga, mweupe hadi masharubu.

"Hafanani naye hata kidogo," akasema.

Kesho yake akampelekea sambaza, dagaa wa ziwani.