Mkutano Usio na Swali

Mjomba wangu alirudi kutoka semina ya uongozi mjini Tabora akiwa na fulana mpya na imani mpya. Fulana sikuijali. Imani ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu ilifanana na mambo niliyofundishwa chuo kikuu, na sikuwahi kumwona mtu akiyajaribu kwa watu halisi.

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja karibu na Usoke, kwenye mashamba ya tumbaku. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, sina kazi, nakaa na mama yangu mtaa wa Isevya, Tabora mjini, nikibishana na kila taarifa ya habari. Mama alichoka, akanituma kwa kaka yake nikasaidie kuvuna na kukausha. Mjomba huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama," aliniambia jioni ya kwanza, "wewe umesomea mawasiliano. Niambie kama nimeelewa. Kiongozi anasema jambo moja, kwa maneno machache, mbele ya wote, kwa wakati mmoja. Ndivyo?"

"Ndivyo wanavyoandika."

"Wewe huamini?"

"Mimi sijaongoza hata kuku, mjomba."

Alicheka. Mkewe, aliyekuwa akichambua dagaa kwenye ungo, hakucheka.

Jambo lenyewe lilikuwa kuni. Agizo lilikuwa limeshuka kwamba msimu huo hakuna kukata miti ya msitu wa kijiji kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Kila mkulima atumie miti aliyoipanda mwenyewe. Mjomba alikuwa amepanda. Wengi hawakupanda, au walipanda juzi. Sikuona kosa katika agizo hilo. Utotoni niliuogopa msitu ule kwa giza lake. Sasa ukisimama uani kwa mjomba unaona mwanga wa upande wa pili. Lakini majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano shambani, na tumbaku ikiiva haingoji mtu akuze mti.

Kwa desturi, neno zito namna hiyo halianzii mkutanoni. Mwenyekiti huzunguka kwanza. Hufika nyumba hii, hupewa kigoda, huzungumza habari za mvua na ng'ombe, kisha husema kama mtu aliyeokota jambo njiani: nasikia huko juu wanataka hivi. Mwenye nyumba huwatukana hao wa huko juu mpaka achoke. Mwenyekiti husikiliza, huaga, huenda nyumba ya pili. Siku ya mkutano hasira zimeshamalizikia majumbani, na watu huja kupanga tu. Nilipokuwa mdogo niliona ni umbeya. Nilipokua niliona ni njia ya wenye nyumba kubwa kupata habari kabla ya wengine, maana sikuwahi kusikia kigoda hicho kimewekwa kwa mjane au kwa kijana aliyekodi shamba. Mjomba naye, baada ya semina, aliona hivyo hivyo.

"Hujazunguka," mkewe alimwambia asubuhi ya mkutano.

"Sizunguki. Wote watasikia kwangu, siku moja."

"Haya," alisema, akaingia ndani na ungo wake.

Tulikutana katika darasa la shule. Mjomba alisimama, akasema vizuri. Alieleza agizo, sababu, na siku litakapoanza. Hakurudiarudia. Mwalimu wangu wa chuo angempa alama zote. Kisha akauliza kama kuna swali.

Hakukuwa na swali. Kamanda wa sungusungu, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, alikuwa akitazama viatu vyake. Watu waliinuka dawati kwa dawati, wakajipangusa, wakatoka. Hata mlangoni hakuna aliyebaki kubishana.

"Umeona?" mjomba aliniambia njiani. "Hata swali moja."

Nilikumbuka madarasa niliyokaa bila mtu kuuliza kitu. Haikuwa kamwe kwa sababu tumeelewa.

Kesho yake jirani aliyekuwa akija kila asubuhi kuomba kaa la moto hakuja. Moshi wa jiko lake ulipanda kama kawaida. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao kunipisha, wakanipisha mbali mno. Nilipopeleka baiskeli kuzibwa pancha, fundi alilishika gurudumu bila kunitazama.

"Wewe ndiye uliyesomea kusema?"

"Nilisomea mawasiliano."

"Huku tunasema bila cheti." Wenzake wakacheka kidogo, wakainamia kazi zao wote kwa pamoja.

Kutoka msituni tulisikia mashoka, mchana kweupe. Hakuna aliyejificha. Mjomba akaendelea kukausha yake kwa kuni za miti yake, na moshi wa bani lake, banda la kukaushia majani, ulionekana kijiji kizima.

"Mama," aliniuliza siku moja tukipanga majani kwenye vijiti, "hivi nikipiga mwano, watakuja?"

Mwano ni ukelele wa kuomba msaada. Ukiusikia, unaacha sahani na unakimbia, hata kama aliyeupiga ni adui yako. Asiyekwenda, sungusungu humwadhibu. Mjomba alikuwa ameishi miaka yote bila kuhitaji kuuliza swali hilo.

"Zunguka sasa," nilimwambia.

"Nikizunguka sasa nitakuwa naomba radhi kwa jambo la haki."

Nilimaliza kijiti nilichokishika, nikachukua kingine.

Siku ya moto ilikuwa alasiri, hakuna upepo. Jani moja lilidondoka ndani ya bani juu ya bomba la joto, au ndivyo tunavyodhani. Moshi ulibadilika rangi, kisha nyasi za paa zikaanza kutoa sauti. Mjomba alisimama katikati ya uwanja, akapiga mwano.

Kinu kilichokuwa kikitwangwa mahali fulani kiliacha. Alipiga tena, na safari hii sauti ilimkatika. Mkewe na mimi tulikuwa tukirusha maji ya kunywa, maji ya kufulia, kila maji. Njia zilikuwa tupu.

Paa lilipokwisha kuanguka, walikuja. Walitokea njia zote kwa wakati mmoja, wanaume kwa wanawake, wakitembea. Jirani yetu alibeba ndoo iliyojaa. Aliitua chini karibu na miguu yangu, wala hakuimwaga.

"Pole, mwenyekiti," kamanda alisema.

"Asante."

"Tulikusikia. Tangu ule wa kwanza."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Kamanda akakaa chini, palepale kando ya majivu, na wengine wakakaa nyuma yake, mpaka uwanja ukajaa.

"Sasa tuzungumze habari ya kuni," alisema.

Mjomba alinigeukia mimi kwanza, kisha mkewe. Watu walimtazama wakisubiri, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.